Tairi la nyuma la Vespa PX, bila kwenda kwa fundi

Mkuu, hiyo skuta ya PX unaibadilisha tairi la nyuma mwenyewe, tena bila vyuma vya kubandulia, maana rimu yake ni vipande viwili vilivyofungwa pamoja kwa nati. Funga koki ya petroli, legeza nati tano za gurudumu (spana namba 13) ikiwa bado imesimama, ndipo uilaze ubavu wa kulia juu ya godoro kuukuu na kulitoa gurudumu.

Ila toa upepo WOTE kabla ya kugusa nati za rimu yenyewe! Mimi nilijifanya najua, kipande kikaruka kikanichana kiganja.

Tyubu mpya ipake poda, itie upepo kidogo tu ijiumbe, la sivyo vipande vitaibana na pancha utaianza upya kesho.