Lami ya paking imepauka, nipake nyeusi au nibomoe?

SWALI: Habari kaka fundi. Nina gesti Nyakato hapa Mwanza, mbele kuna paking ya lami kama mita za mraba 600, ilimwagwa 2018. Saivi imekua kijivu, ukifagia unazoa vikokoto, nyufa zipo hapa na pale na ile kona ya kuoshea magari imepasuka pasuka hadi inabonyea ukikanyaga. Kuna kijana kaja anasema anachemsha lami, anaichanganya na dizeli iwe nyepesi, anapaka siku moja inarudi mpya. Jirani yangu yeye ananiambia nimwage oil chafu tu inatosha. Nifanye lipi?

JIBU: Salama dada, pole na hiyo paking. Naanza na oil chafu maana hiyo ndo inaniuma kila nikiiona. Usimwage. Lami na dizeli na oil ni ndugu wa tumbo moja, zote zinatoka kwenye mafuta ghafi, zikikutana zinayeyushana, ndo maana pale lori linapovuja usiku kucha asubuhi unakuta lami imelainika unaweza kuichokonoa na bisibisi. Sasa we unataka uimwagie paking nzima! Itang'aa wiki mbili afu itaanza kumeguka, na mvua ikipiga hiyo oil yote inaingia mtaroni, na mitaro ya huku inaishia mto Mirongo na Mirongo unaishia ziwani tunakochota maji.

Huyo kijana wa dizeli nae yuko karibu na huko huko. Lami iliyolainishwa na mafuta ya taa ipo kweli na ina kazi yake, tunaita praimu, inapigwa juu ya besi, yani lile tabaka la kifusi la chini, kabla ya kumwaga lami yenyewe ili ishikane. Ila ukiipaka juu ya paking itanata siku nyingi, wageni wataingia nayo hadi kwenye tailizi zako, na mvua ikinyesha inateleza kama sabuni. Kinachotakiwa ni silikoti ya emalsheni, yani lami iliyosagwa ikachanganywa na maji na dawa ya kuifanya ielee, haichemshwi kwa kuni wala haiwekwi dizeli, ikiwa mbichi ina rangi ya chokoleti, maji yakitoka inageuka nyeusi, hapo ndo tunasema imevunjika.

Ila dada nikwambie ukweli, silikoti haibebi gari. Ni ngozi tu. Inazuia jua na maji yasiifikie lami ya chini, basi. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta na juu ya usawa wa bahari kama mita 1,100 na kitu, jua la hapa linakausha ule ulaini wa lami haraka, inapauka, inakua ngumu kama biskuti, ndo hivo vikokoto unavyozoa. Na kokoto zetu nyingi za Mwanza ni za mawe haya haya ya graniti, na graniti lami haiipendi sana, maji yakipenya yanaibandua lami kwenye jiwe. Kwa hiyo ukienda kununua uliza emalsheni ya kationiki, ina chaji inayovutana na jiwe la namna hiyo, ile ya anioniki kwa graniti inashika kwa shida.

Sasa tugawe paking yako. Sehemu kubwa iliyopauka bila kubonyea hiyo inapona, silikoti inaifaa. Nyufa moja moja, chukua sarafu ya mia tano, kama haiingii acha silikoti itaziba yenyewe, kama inaingia inabidi zizibwe kwanza, toa majani na mizizi, piga brashi ya waya, pulizia kompresa hadi ukutani mwa ufa pakauke, mimina lami ya kuzibia. Ukipaka juu ya ufa mpana bila kuziba, mwezi mmoja tu unaona mstari ule ule umerudi.

Kona ya kuoshea magari ndo kesi yenyewe. Zile nyufa zinazofanana na mgongo wa mamba maana yake tatizo haliko juu, liko chini, kifusi cha moramu kimelowa kimekua uji, na hata ukipaka koti kumi itabonyea tu. Mimi niliwahi kupaka kona kama hiyo Kirumba miaka ya nyuma, bosi kanibana anasema paka paka kuna harusi, nikapaka, na harusi yenyewe haijaisha fuso ikazama tairi pale pale. Aibu ile mpaka leo. Kwa hiyo kata mraba ukipita nyufa zinapoishia kama sentimita 30 kila upande, chimba toa tope lote hadi ufike pakavu, rudishia kifusi kizuri kwa matabaka yasiyozidi sentimita 15, kila tabaka shindilia na kompakta sio kwa kukanyaga na viatu. Halafu pale juu mi nisingerudisha lami kabisa, ningemwaga zege lenye mteremko kuelekea kwenye shimo la kunasa mchanga na oil. Sabuni, maji ya kila siku na oil, lami haiwezi hiyo vita. Na bomba likae linaelekeza maji nje ya paking, ukipeleka zege halafu maji yanarudi kwenye lami umehamisha ugonjwa tu.

Kabla ya kupaka fagia mpaka vumbi liishe, madoa ya oil kwangua na osha kwa sabuni ya unga na brashi ngumu, acha pakauke. Koti mbili nyembamba, sio moja nene, nene inakauka juu chini mbichi afu inachanika. Kila koti hesabu nusu lita na kidogo kwa mita ya mraba, kwako ni karibu mapipa mawili ya lita 200 kwa koti moja, kidogo inabaki. Changanya mchanga safi mkavu uliochekechwa, robo mpaka nusu kilo kwa lita, hasa kama geti lako lina mlima, na Mwanza nani hana mlima. Na ukipunguza kwa maji, mimina maji ndani ya emalsheni taratibu, sio emalsheni ndani ya maji, itaganda mabonge.

Funga nusu paking kwa masaa 24 mpaka 48, nusu nyingine wageni watumie, kisha geuza. Wiki ya kwanza waambie madereva wasikate usukani gari likiwa limesimama, na bodaboda waweke kibao chini ya stendi. Hapo utarudia baada ya miaka mitatu mpaka mitano, sio kila mwaka, koti zikizidi zinabanduka kama magamba ya sato.

Muda mzuri ni kiangazi hiki, Juni mpaka Agosti. Ukisubiri Oktoba mvua za vuli zikishaanza, inatosha ngurumo moja kutoka ziwani usiku na asubuhi unakuta chokoleti yako yote iko mtaroni. Anza na kona wiki hii, zege likae siku zake, halafu ndo umuite yule kijana, mpe kazi ya kufagia na kuziba nyufa, ile dizeli aiweke kwenye jenereta.