Jogoo hayumo kwenye "cockroach"
Mkuu, umeuliza kama "cockroach", jina la mende kwa Kiingereza, limetokana na cock (jogoo) na roach (aina ya samaki). Hapana, halina jogoo wala huyo samaki, ingawa ukiliangalia utaapa ni maneno mawili yameunganishwa. Asili yake ni Kihispania, cucaracha, mwaka 1624 John Smith, Mwingereza wa koloni la Virginia kule Amerika, aliandika "cacarootch" akasema kabisa ndo Wahispania wanavyomwita, sasa Waingereza neno halikuwakaa mdomoni wakalivuta mpaka likafanana na cock na roach walizozijua tayari. Sisi wenyewe si tulichukua "keep left" tukapata kipilefti, wingi vipilefti? 😂 Halafu Wamarekani wakaona aibu kutamka cock, maana ina tusi ndani, wakabakiza roach tu.