Maua mekundu juu ya mwembe

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mwembe wangu hapa Kisumu umeota kichaka chenye majani tofauti na maua mekundu, na tawi lililokibeba linakauka kuanzia nchani. Je, niukate mti wote?

JIBU: Ndugu msomaji, tafadhali usiukate. Kwa maelezo yako, huo ni mmea kimelea wa jamii ya Loranthaceae, ambao una majani ya kijani na hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, lakini, kwa kuwa hauna mizizi ardhini, hupenyeza kiungo cha kunyonya hadi ndani ya tawi na kuchota humo maji na madini. Wakati wa kiangazi huendelea kupoteza maji kwa wingi hata mwembe unapojaribu kuyabana yake, ndiyo maana ncha ya tawi hukauka.

Ndege ndio walioupanda: hula tunda, na mbegu yenye utomvu unaonata hugandia gome la tawi. Ndege wadogo waitwao chozi nao huchavusha maua hayo wanapofuata mbochi (maji matamu ya maua), na viwavi wa vipepeo wa jenasi ya Mylothris hula majani yake. Kwa hiyo katika msitu kama wa Kakamega nisingependa kuona kimelea hiki kikiangamizwa.

Shambani mwako, kata tawi lenyewe sentimita 30 hivi kutoka kwenye kiungo, kuelekea shina, kabla matunda ya kimelea hayajaiva. Ukikivunja kwa mkono tu, sehemu iliyobaki ndani huchipua tena. Kagua pia ua wa boma: nyuzi za manjano zisizo na majani ni Cuscuta (kimelea kingine), ambayo huenea hata kwa kipande kidogo, basi ichome, usiitupe njiani.