Niliacha PrEP wakati wa korona: yaliyonikuta na nilivyorudi kliniki

Mkuu, umeuliza kama ni wewe peke yako uliyeacha PrEP, vidonge vya kumeza mapema kujikinga na VVU, wakati wa korona ukashindwa kurudi, na kama kwenda kupima sasa hivi umechelewa. Hauko peke yako na hujachelewa. Mimi nilikaa mwaka mmoja na miezi minne bila kukanyaga kliniki. Naandika kwa kirefu kwa sababu kipindi kile nilitamani mtu anieleze haya.

Shirika la Afya Duniani lilipoitangaza korona kuwa janga, tarehe 11 Machi 2020, haikupita muda nikahamia kwa kaka yangu. Nyumba ina yeye, shemeji na watoto. Mimi ni shoga na hawajui. Vidonge nilivihamishia kwenye chupa ya vitamini, nikawa navimeza bafuni huku bomba likimwaga maji ili chupa isisikike. Siku moja mtoto wa kaka akasimama mlangoni akaniambia, "Baba mdogo, na mimi nipe vitamini." Nilitetemeka mwili mzima. Usiku huohuo nikaacha.

Nilijiambia kwamba sikutani na mtu, kwa hiyo dawa sihitaji. Hoja hiyo ilikuwa sahihi, na mpaka leo sijilaumu kwa kuacha. Tatizo lilikuja masharti yalipolegezwa: watu tulianza kuonana tena, vidonge bado viko chini ya godoro, na kliniki rafiki niliyoizoea, inayotuhudumia mashoga bila kutuhukumu, imefungwa. Manesi walikuwa wamehamishiwa wodi za korona. Waelimishaji rika walikuwa majumbani kwao. Huduma yetu ilitegemea saa za jioni, mlango wa pembeni na sura unazozijua, na hivyo ndivyo vilivyoondoka mwanzo. Iliyobaki ni hospitali kubwa, ambako unaelezea shida yako dirishani mbele ya foleni.

Kisha mikono yangu ikatoka madoa. Mekundu yaliyofifia, kwenye viganja vyote viwili, hayawashi wala hayaumi. Nikalaumu vitakasa mikono, maana tulikuwa tunajipaka mara ishirini kwa siku. Nikanunua losheni. Wiki tatu nzima na losheni! Nilipofika kwa nesi aliangalia viganja, akanyamaza kidogo, kisha akaniambia nivue viatu na soksi. Nyayo nazo zilikuwa na madoa yaleyale ambayo sikuwahi kuyaona. Ilikuwa kaswende, hatua ya pili. Kidonda cha kwanza huwa hakiumi na hupona chenyewe, na kikiwa ndani ya njia ya haja kubwa hukioni kabisa. Ndiyo maana kuna watu wanapita hatua ya kwanza wakidhani ni wazima. Nilichomwa penisilini ya benzathini siku hiyohiyo, dozi moja, kwa sababu ilikuwa bado ya mapema, halafu nikarudi kupima damu miezi iliyofuata kuhakikisha kipimo cha kaswende kinashuka. Sindano inauma, sitakudanganya. Lakini ugonjwa unatibika kabisa.

Ukiniuliza mimi, janga lilituumiza hapo. Virusi vya korona tuliviogopa kama watu wote. Yaliyotukaa mwilini zaidi ni yale yaliyokua polepole wakati hakuna anayetupima: kaswende, kisonono, klamidia, VVU visivyojulikana. Na upweke, mkuu. Mtu anayeishi miezi na watu ambao lazima awafiche nafsi yake anachoka kwa namna ambayo usingizi hauiondoi. Nilikuwa sina hamu ya kula, silali, na sikujua kuwa hiyo ni sonona mpaka nesi aliponiuliza moja kwa moja. Ukiona dalili hizo mwambie naye huyohuyo anayekupima. Usingoje siku nyingine.

Sasa upande wako. Usirudi kumeza vidonge vya zamani bila kupima VVU kwanza. Vidonge vya PrEP vina dawa mbili, na kama virusi tayari vipo, dawa mbili haziwezi kuvimaliza nguvu, vinajenga usugu. Omba pia kipimo cha homa ya ini B, kwa kuwa tenofovir, moja ya dawa hizo mbili, inapigana na virusi hivyo pia, na mwenye navyo akianza na kuacha ovyo ini linaweza kuvimba. Na omba wachukue sampuli za koo na za njia ya haja kubwa. Kisonono na klamidia sehemu hizo mara nyingi havina dalili yoyote, na mkojo hauonyeshi. Mimi niliambiwa "mkojo safi" miaka miwili mfululizo bila mtu kunigusa koo.

Kama kilichokutokea ni ndani ya saa 72 zilizopita, acha kusoma hapa, nenda leo ukaombe PEP, dawa ya kuzuia VVU baada ya tukio. Ni vidonge vya siku 28 na kila saa ina thamani.

Ukisita kwenda kabisa, anza na kifaa cha kujipima, cha tone la damu au cha majimaji ya ufizi. Kikionyesha una VVU, lazima kithibitishwe kliniki. Kikionyesha huna, jibu hilo ni la kuaminika kama imepita miezi mitatu tangu tukio la mwisho.

Rafiki yangu ana mke, na anapenda wanaume pia. Yeye janga lilimbana kuliko mimi. Zamani alipita kliniki akitoka kazini. Kazi ilipohamia nyumbani hakuwa tena na sababu ya kutoka, na matangazo ya huduma yaliwaita mashoga, jina ambalo si lake. Alijipimia ndani ya gari, taa imezimwa, akisoma kipimo kwa mwanga wa simu. Hakuna aliyewahi kumuuliza kuhusu afya ya mke wake. Watu kama yeye ni wengi na hawaonekani kwenye daftari lolote.

Halafu kuna hofu ya kuanikwa, ambayo najua unayo. Mei 2020 korona ilipoibuka kwenye vilabu vya Itaewon jijini Seoul, vyombo vya habari viliandika kwamba ni vilabu vya mashoga, na watu wakajificha badala ya kwenda kupima. Jiji likaruhusu kupima bila jina, namba ya simu tu, na waliojitokeza wakaongezeka sana. Kwa hiyo unapofika, uliza kama wanapokea mtu kwa namba. Sehemu nyingi wanafanya hivyo kwa VVU.

Kuna mazuri yaliyobaki pia. Baada ya korona kliniki nyingi zaidi hutoa vidonge vya miezi mitatu, hata sita, kwa mkupuo mmoja. Na mpox, homa ya nyani, ilipotangazwa dharura ya dunia tarehe 23 Julai 2022, ikitupata zaidi sisi, mimi nilikuwa nimesharudi kwenye mfumo. Niliitwa mapema kwa chanjo, dozi mbili zinazopishana siku 28.

Umeuliza mwishoni utasemaje ukifika pale. Mimi mdomo ulikataa. Niliandika kwenye simu: "Nilitumia PrEP, nikaacha. Nafanya mapenzi na wanaume. Naomba vipimo vyote." Nikampa nesi simu. Akasoma, akanirudishia, akavuta kiti karibu, akasema, "Kunja mkono wa shati."