Tao la Kiarabu kwenye nyumba ya duka

Swali: Shikamoo mzee wetu. Tumerithi nyumba ya marehemu babu, Mkunazini, Unguja. Chini ni duka, juu ghorofa mbili za kuishi, na roshani ya mbao iliyobaki nusu. Madirisha ni kumi na moja, yote ya mbao na luva (vibao vya mshazari vinavyopitisha hewa), mengi yameoza chini. Fundi anatushauri tuyatoe tuweke slaidi za aluminiamu za rangi ya kahawia, zenye tao la Kiarabu juu, ati ziendane na Mji Mkongwe. Tuchague tao la namna gani?

Jibu: Marahaba mwanangu. Kama hamjamlipa arbuni huyo fundi, msimlipe. Kama mmeshamlipa, mwambieni asitie patasi ukutani mpaka mmalize kusoma hapa.

Hayo maneno "ziendane na Mji Mkongwe" nayasikia kila wiki, na kila nikiyasikia najua kuna mtu ana matao ya kuuza. Watu wamejiaminisha kwamba mtindo wa nyumba ni mapambo: ukipachika tao, ukapaka kahawia, ukabandika na maua mawili ya kuchonga, nyumba imeshakuwa ya kale. Na kwa kuwa wageni wanapiga picha milango ya nakshi, basi kila tundu la nyumba linatakiwa lifanane na mlango wa nakshi.

Nyumba yenu si ya Kiarabu. Duka chini, makazi juu, roshani inayoning'inia juu ya njia: hiyo ni nyumba ya wafanyabiashara wa Kihindi, na zilijengwa kwa wingi karne ya 19. Nyumba ya Mwarabu wa Oman ilikuwa inajificha. Nje ukuta mtupu, ua katikati, chini vidirisha vichache vyenye nondo, na fahari yote ikamalizikia mlangoni. Yenu ilijengwa iitazame barabara, kwa sababu barabarani ndiko mteja anakopita. Nyumba hizi mbili mara nyingi zimeegemeana ukuta kwa ukuta, ndiyo maana mtu anazichanganya. Na hapo sijataja waliokwenda Lamu wakarudi wanataka "dirisha la Kilamu", wakati nyumba kongwe za Lamu zinapata mwanga wake kutoka kiwandani, yaani ua wa ndani, na upande wa njia hazina madirisha ya maana.

Mkitaka kuona ukoo wa nyumba yenu ulivyokuwa ulipopata pesa, teremkeni mpaka pwani upande wa Malindi, mtazame ile Zahanati ya Kale ambayo Tharia Topan, mfanyabiashara wa Kihindi, aliianzisha mwaka 1887 na ikamalizika 1894. Roshani juu ya roshani, nakshi za kutoboa, vioo vya rangi. Sisemi muige. Yeye alikuwa tajiri, babu yenu alikuwa na duka. Lakini ni lugha moja, na slaidi yenye tao haimo katika lugha hiyo.

Sasa tuache sura, maana sura si ndiyo inayoniudhi zaidi. Dirisha lenu la zamani ni jembamba na refu, tuseme futi tatu kwa sita, lina mbawa mbili zinazofunguka zote. Ukilifungua, tundu zima liko wazi. Ukilifunga, luva zinaendelea kupitisha upepo huku zikizuia jua, mvua ya kawaida na macho ya jirani wa ng'ambo ya kichochoro. Slaidi ya vioo viwili haiwezi kukupa zaidi ya nusu ya tundu, kwa sababu kioo kimoja lazima kikae nyuma ya kingine. Ukiifunga kwa ajili ya mvua, umefunga na hewa. Halafu wenye nyumba wananiuliza kwa nini chumba cha babu kimekuwa tanuri, na jibu wanalopewa na yule yule aliyewauzia slaidi ni kwamba wanunue kiyoyozi.

Na hilo bado si kubwa. Kubwa ni ukuta. Ukuta wenu ni mawe ya matumbawe, chokaa na udongo mwekundu, unene wa nusu mita au zaidi. Unakunywa maji ya mvua kisha unayatoa taratibu, na chokaa inauruhusu. Tundu la dirisha katika ukuta wa namna hiyo halijanyooka hata siku moja. Juu limepanuka vidole viwili, kushoto limeingia ndani kidogo. Fremu ya aluminiamu imekatwa kwa skwea. Fundi afanye nini? Anapasua upande mmoja ili ipite, na upande mwingine anajaza saruji. Saruji haipumui. Kati yake na jiwe unabaki ufa mwembamba kama unywele, mvua inaingia hapo, na njia ya kutoka hakuna. Chumvi inakusanyika nyuma ya plasta mpaka plasta inadondoka vipande vipande kama biskuti. Kisha unyevu unapanda kwenye miti iliyobeba ukuta juu ya dirisha, na juu yake tena ndipo vilipolala vichwa vya boriti za mikoko zinazobeba sakafu ya ghorofa.

Niliitwa nyumba moja Kiponda kwa kile mwenyewe alichokiita tatizo la rangi. Rangi ilikuwa inavimba pembeni mwa dirisha jipya, wameipaka mara tatu. Nikachukua bisibisi, nikaisukuma kwenye mti ulio juu ya fremu. Ilizama mpaka mpini, bila nguvu, kama kisu kwenye boflo. Slaidi ile ilikuwa na miaka minne. Mti ulikuwa na zaidi ya mia, na mpaka siku saruji ilipoletwa ulikuwa mzima.

Kwa hiyo chukueni na nyinyi bisibisi. Chomeni kila dirisha: mguu wa fremu, ubao wa chini wa kila ubawa, maungio. Nawahakikishia kuoza mtakuta kumekaa chini, kiasi cha shubiri mbili, kwa sababu ndipo maji yanapotuama. Juu mbao italia *ko ko ko*. Seremala anayejua kazi anakata pale palipooza, kwa mshazari si mraba, anaunga kipande cha mvule au msaji, anapitisha vijiti vya mbao badala ya misumari. Luva zilizovunjika zinachongwa upya moja moja. Ni kazi ya kuchosha lakini si ya siri. Fremu ikirudi ukutani, ijaziwe chokaa, na nondo zenye kutu zisafishwe au zibadilishwe, maana chuma kikila kutu kinavimba na kupasua jiwe.

Rangi ya asili msinunue kwa kukisia. Kwangueni kwa wembe mahali padogo karibu na bawaba, mtaziona tabaka moja baada ya nyingine. Nimekuta kijani, nimekuta buluu. Kahawia ya aluminiamu sijaikuta. (Na kama kuna mzee atakayewaambia mpake sifa, yaani mafuta ya papa, kama majahazi, mshukuruni, kisha mkumbuke kwamba jahazi linalala baharini na nyinyi mtalala chumbani humo humo na harufu ya papa.)

Suala la kibali pia lipo. Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na Mamlaka ya Mji Mkongwe iko tangu 1985. Pelekeni mchoro kabla ya kugusa dirisha la nje. Fundi akisema "tutafanya Ijumaa mchana watu wakiwa msikitini", mmeshamjua ni fundi wa aina gani.

Wa aina hiyo ni wengi sasa. Hawana hata randa. Wana mashine ya kukatia aluminiamu, bomba la silikoni na simu iliyojaa picha za hoteli. Wanauza aluminiamu nyembamba ambayo kwa chumvi ya pwani hii inatoa unga mweupe, wanaifunga kwa skrubu za chuma zinazoila, na jina la "Kiarabu" wanaliongeza kwenye bei. Mwenye nyumba anadhani amenunua dirisha lisilohitaji kutunzwa. Amenunua dirisha lisilotengenezeka: gurudumu la plastiki likikatika, fremu yote inang'olewa, na ukuta unapasuliwa mara ya pili.

Tena hawaondoki mikono mitupu. Watajitolea kuwachukulia "taka" za mbao bure, hata gari watakuja nalo. Mbawa hizo mtakuja kuzikuta kwenye ukumbi wa hoteli zimelazwa, zimewekewa kioo juu, zimekuwa meza za kahawa. Leo hii zing'oeni zile zinazoning'inia, ziandikeni namba kwa chaki, dirisha kwa dirisha, kushoto na kulia, mzifungie ndani, na ufunguo akae nao mtu mmoja.