Meli ya Nansio ishaondoka

Mhariri habari za kazi. Wiki hii mmeuliza, "Ulijua lini kwamba mzazi wako hasahau kwa uzee tu?" Mi najibu kwa mama yangu, tuko Kirumba, Mwanza, ana miaka 74, kauza dagaa pale Mwaloni tangu sijazaliwa.

Nilichelewa kujua. Ilianza na chenji. Mama huyu alikuwa anapiga hesabu ya magunia kichwani bila karatasi, ghafla mtu katoa elfu tano anarudishiwa elfu nane, wengine waaminifu wanasema mama umekosea, wengine wanaondoka nayo kimyaa, na sisi tunacheka, uzee huo. Halafu khanga zikaanza "kuibiwa", mwizi ni dada yangu, ugomvi mpaka usiku, kesho yake tunazikuta ndani ya gunia la mkaa. Jirani mmoja akasema karogwa, mwingine akaanza kuyasema macho yake mekundu, na huku Usukumani mnajua bibi mwenye macho mekundu anaitwaje, mchawi, wakati ni moshi wa kuni wa miaka yote ule. Hapo ndo nikamkimbiza hospitali.

Daktari akasema ni Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu polepole. Hatua zake wengine wanazigawa tatu, ila kuna zile 7 za Mmarekani Barry Reisberg za mwaka 1982: ya 4 pesa zinamshinda, ya 5 hajui avae nini, ya 6 kuoga na choo mpaka asaidiwe, ya 7 maneno yanaisha. Kumbe wakati wa chenji tulishafika ya 4 na sisi tunacheka!

Ila msizishike sana hizo namba. Mwaka jana ndani ya siku mbili tu mama akawa anaongea na watu hawapo, kusimama hawezi, tukakaa kikao cha ukoo kabisa kwamba ndo ya mwisho hii, kumbe UTI. Katumia dawa akarudi karibu na alipokuwa. Ugonjwa wenyewe unaenda polepole, ukiona kabadilika ghafla mpeleke akapimwe.

Sa hivi ni ya 6. Kazi ipo jioni, jua likianza kuzama anafunga nguo zake kwenye kitenge, "nipelekeni Nansio, mama ananisubiri". Nansio ni kwao, kisiwani Ukerewe, unaenda kwa meli. Bibi alishafariki zamani sana. Mwanzoni nilikuwa nambishia, mama, bibi alishakufa, basi analia msiba upya kila siku, na mimi ndo naupeleka huo msiba, hilo najuta mpaka leo. Siku hizi namwambia, "Meli ishaondoka mama, tutapanda ya kesho." Mtu wa Ukerewe hilo halimpi shida, kaachwa na meli mara ngapi maishani. Anaguna, anauliza ya saa ngapi, namwambia asubuhi, anafungua kitenge, anakula.

Juzi akaniambia nikate tiketi mbili, nisije nikabaki.