Kabla hujabadilisha intaneti, pima kasi ya kupakia

Nafundisha hisabati kwa video karibu kila jioni, na kwa muda mrefu neno nililolisikia zaidi darasani lilikuwa hili: "Mwalimu, unakatika." Mimi niliwasikia wanafunzi vizuri, nikawaona vizuri, na video zote nilizofungua zilicheza bila kukwama. Nikaamini tatizo liko kwao. Nikawasumbua watoto wa watu wiki nzima wazime vifaa vyao na kuviwasha upya.

Siku nilipopima intaneti yangu mwenyewe ndipo nilipoelewa. Kupakua, megabiti 18 kwa sekunde. Kupakia, haikufika hata moja. Yaani vya kwao viliingia kwa mlango mpana, vyangu vikatoka kwa tundu la sindano.

Wakati huo nilikuwa natumia ADSL, ile inayopita kwenye waya wa shaba wa simu ya mezani. Mfumo huo uligawanywa hivyo kwa makusudi: nafasi kubwa ya kuleta, ndogo ya kupeleka. Hata ADSL2+, ambayo kwenye karatasi hufika megabiti 24 za kupakua, kupakia kwake kwa kawaida huishia karibu na moja. Na kadiri nyumba ilivyo mbali na kituo cha simu, ndivyo kasi inavyozidi kushuka. Kwa mtu anayesoma habari na kutazama video inatosha. Kwa anayefundisha, anayetuma mafaili makubwa au anayefanya mikutano, haifai, na hakuna ruta mpya itakayoiponya.

Nikahamia 4G. Kupakia kukawa bora mara moja, nikafurahi, mpaka jioni ilipofika. Saa nne asubuhi nilipata megabiti 30. Saa mbili usiku, kwenye kiti kilekile, nikapata 4. Mnara mmoja unahudumia kila mwenye simu aliye karibu nao, na usiku kila mtu yuko nyumbani. Ile mistari ya mtandao juu ya kioo cha simu inaonyesha nguvu ya mawimbi tu. Urefu wa foleni haionyeshi. Ukitaka kununua ruta ya 4G au 5G, ijaribu kwanza kwa simu yenye laini ya kampuni hiyohiyo, ndani ya chumba utakachofanyia kazi, saa ileile utakayofanya kazi. Na hesabu bando: somo langu moja la saa nzima lilikula karibu gigabaiti moja.

Kisha nikaishi miezi kadhaa mahali pasipofikiwa na waya wala mnara wa maana, nikatumia setilaiti. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kasi na kuchelewa ni vitu viwili tofauti. Setilaiti za aina ile zinakaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ombi lako linapanda hadi huko na kushuka, jibu nalo linapanda na kushuka: safari nne, karibu nusu sekunde, hata kama mawimbi yanakimbia kwa kasi ya mwanga. Megabiti zilikuwa za kutosha kabisa. Lakini nikiuliza swali, palikuwa na kimya. Nikidhani mwanafunzi hajaelewa, nalirudia, na jibu lake linafika juu ya sauti yangu. Anaponyamaza kunipisha, na mimi nimenyamaza kumpisha yeye. Mtoto mwenye haya akigongana nami mara mbili tu, haulizi tena siku hiyo. Hilo liliniuma kuliko kukatika kote kwa zamani.

Setilaiti za chini, kama za Starlink zinazozunguka kwenye kilomita 550 hivi, zimeondoa sehemu kubwa ya tatizo hilo. Kwangu mimi, kwa mtu wa mbali na miji, ndizo za kufikiria kwanza. Ila dishi linataka anga wazi. Tawi moja likiziba upande mmoja, mazungumzo yatakatika sekunde chache kila setilaiti inapopita nyuma yake.

Sasa niko kwenye faiba, waya wa kioo unaobeba data kwa mwanga, na kama inafika mlangoni kwako sioni sababu ya kuzunguka. Vifurushi vingi vina kupakia sawa na kupakua, lakini si vyote, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa. Waya wake mwembamba usiukunje. Mimi niliwahi kusukuma kabati ukutani, na taa iliyoandikwa LOS kwenye kisanduku cha faiba ikaanza kuwaka nyekundu: mwanga haukuwa ukifika. Nilipolivuta kabati nikakuta waya umebanwa pembeni. Nilibahatika haukuvunjika. Jua pia kwamba umeme ukikatika, kinachozima ni kisanduku chako na ruta. Betri ndogo ya ruta huvishikilia vyote viwili.

Kabla ya kubadilisha chochote, lakini, chomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya, upime tena. Rafiki yangu alikaribia kuvunja mkataba kwa sababu ya intaneti "mbovu," kumbe ruta ilikuwa nyuma ya televisheni, kuta mbili kutoka mezani kwake. Masafa ya Wi-Fi ya gigahezi 5 yana kasi lakini huchoka upesi kwenye kuta; ya 2.4 hupenya zaidi, kwa kasi ndogo. Waya wa mita 10 ulimaliza kesi.

Na weka njia ya akiba. Yangu ni simu yenye bando dogo, laini ya kampuni tofauti na ile ya faiba, ili hitilafu ya mmoja isinizimie zote. Kila mwezi naiwasha na kufundisha nayo dakika tano za mwisho za somo, nihakikishe bado inafanya kazi.